Karatasi ya Kwenda Kuona Chui Milia

Kabla ya yote, nawaomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zimelala huku na huku kama nyasi zilizokanyagwa, na maneno mengine huenda nimeyaandika kama yanavyosikika kinywani, si kama inavyotakiwa. Shule niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili, na mtu akiingia chumbani naufunika kwa mkono. Lakini ninyi wa rika langu mliokulia hapa Johannesburg, mliokuwa mkiwasomea wazazi wenu barua za Kiingereza mezani kabla hamjajua kufunga vizuri kamba za viatu, nadhani mtanivumilia.

Juzi nilikuwa nimesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Turffontein, nangoja magari yasimame. Kando yangu mzee mmoja alikuwa akingʼarisha viatu vya watu. Akafungua kopo la dawa nyeusi, na ile harufu ikanifikia. Robot ikageuka kijani, watu wakavuka, mimi nikaketi kwenye ukingo wa barabara na mfuko wangu wa nyuzi. Mzee akaniuliza kwa Kizulu kama ninaumwa. Nikatikisa kichwa. Sikuweza kumwambia kwamba ile ilikuwa harufu ya Papa, baba yangu, asubuhi.

Papa alikuwa mlinzi wa lango kwenye jengo moja la ofisi huko Midrand. Kila asubuhi kabla ya kutoka alipaka buti zake dawa, akazisugua kwa kipande cha kitenge alichokatiwa na Mama, kisha akazigeuza na kutazama soli. Siku moja nilimuuliza anatafuta nini chini ya kiatu ambako hakuna mtu anayeona. Akanijibu, "Naangalia vile ninatembea. Mguu wa kushoto unaburuta. Ningekuwa mnyama, mimi ndiye ningeliwa kwanza." Nikacheka sana. Nilidhani ni mzaha.

Tulikuwa watatu, katika chumba kimoja cha kupanga La Rochelle, pazia katikati. Upande mmoja kitanda cha wazazi, upande wa pili godoro langu na cherehani ya Mama dirishani. Mama ni fundi wa nguo. Wakongo wa mtaa ule wote walishona kwake sare za harusi na za kanisani. Papa hakuwa msemaji. Watu wakija kwetu aliwasalimia, akawapa kiti, akanyamaza. Wamama wa kanisani walizoea kunishika shavu na kusema, "Huyu Zawadi amerithi haya ya baba yake." Mimi niliamini hivyo. Niliamini tulikuwa na ugonjwa mmoja, mimi na yeye.

Nilijua kidogo tu juu ya maisha yake ya zamani. Nilijua kwamba kwetu, mashariki ya Kongo, alikuwa mlinzi wa wanyama katika mbuga ya milimani. Nilijua kwamba jambo hilo halisemwi nje. Mama alikuwa na neno lake: "Ya ndani ni ya ndani." Lakini alilisema juu ya mambo mengi, hata juu ya sufuria iliyotoboka, kwa hiyo sikujua lipi lilikuwa zito na lipi jepesi.

Aliyelitoa nje lile jambo ni Papa mwenyewe. Katika jengo alilolinda kulikuwa na Mkenya mmoja, Mama Kamau, mwenye ofisi ya kupanga safari. Wateja wake wengi walikuwa Wakenya wenzake wanaofanya kazi benki na vyuoni. Asubuhi moja, baada ya mvua, alimkuta Papa amechuchumaa kando ya maua ya maegesho.

"Baba Zawadi, umepoteza kitu?"

"Hapana, Mama. Naangalia nani alipita hapa."

"Kwani nani alipita?"

"Nguchiro. Alikuja na watoto wawili. Huyu mmoja anachechemea."

"Wacha! Na wewe umejuaje?"

Basi Papa akamwambia. Miaka kumi na mmoja alikuwa amefuata nyayo, na katika jiji hili lote hakuna aliyewahi kumuuliza. Alipotusimulia jioni alikuwa akicheka peke yake, mkono mdomoni. Mama alisimamisha cherehani.

"Umemwambia?"

"Si anasema Kiswahili kama sisi?"

"Hata Kiswahili kina mdomo, Papa Zawadi."

Wiki ile ile Mama Kamau akaja na ombi. Familia tano za wateja wake walitaka, likizo ya Desemba, kuwapeleka watoto kwenye mbuga kubwa katikati ya India kuona chui milia. Simba na tembo watoto wale walikuwa wamekwisha kuwaona hadi wakipiga miayo. Lakini wazazi walikuwa na huzuni moja: watoto wao, waliozaliwa hapa, walisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Walitaka mtu wa kukaa nao kwenye gari la watoto na kuwafundisha kusoma msitu kwa Kiswahili. Waongozaji wa huko India wangekuwepo, ndiyo sheria ya mbuga. Papa angekuwa mwalimu tu. Lakini kwanza amsaidie Mama Kamau kuipanga safari yenyewe, kwa kuwa yeye alijua hoteli na ndege, si wanyama.

Ndipo zikaanza zile Jumapili. Nikikumbuka furaha ya utoto wangu, ni hizo, na hazikufika nane. Tukitoka kanisani Mama aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, Papa akatandaza ramani na makaratasi ya Kiingereza, mimi nikapanda juu ya stuli na kusoma. Nilisoma polepole, kidole juu ya neno, kisha nikamwambia kwa Kiswahili. Hakunihimiza hata mara moja. Mwalimu wangu shuleni alinihimiza. Papa alingoja kama mtu anayengoja mnyama atoke kichakani.

"Wanasema nguo za rangi kali haziruhusiwi."

"Nzuri."

"Manukato hayaruhusiwi."

"Nzuri sana. Wale wamama wa benki watalia."

"Wanasema mbuga inafungwa miezi ya mvua. Na Desemba asubuhi ni baridi kali, watu wabebe blanketi."

"Desemba baridi?" Mama aliuliza kutoka kwenye cherehani. "Hiyo nchi imegeuzwa?"

"Wanasema hakuna kushuka garini."

Hapo Papa aliinua kichwa. Akakuna ndevu. "Sasa hizo nyayo wataziona vipi? Andika, Zawadi: gari liende polepole, asubuhi kabla ya magari mengine, mchanga ukiwa bado mpya." Nikaandika. Pale niliposoma kwamba swala wenye madoa na nyani wa kule hulia wakimwona chui milia, alipiga meza kwa kiganja hadi mkasi ukaruka. "Unaona! Hata kwetu njo vile vile. Mnyama mkali humtafuti. Unasikiliza wale wanaomwogopa. Wao wanajua yuko wapi kila saa." Kisha akanifundisha mlio wa nyani mwenye hofu, ule mfupi unaotoka tumboni. Mimi na haya yangu nilijaribu kikatoka kitu kama kikohozi cha paka. Papa akautoa mwenyewe, chumba kikajaa.

"Wapangaji watasema tumefuga nyani humu!" Mama akapiga kelele, lakini alikuwa akicheka, na pini midomoni.

Lazima niseme kosa langu la kwanza. Niliamini kwamba na mimi nilikuwa nakwenda. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lakini nilikuwa ndiye msomaji, na mwandishi, na nilijua kwamba gari moja linabeba watu sita. Sweta langu la shule lilikuwa la kijivu, rangi inayoruhusiwa. Nililifua, nikalikunja, nikaliweka chini ya godoro lisivaliwe tena hadi siku hiyo. Nilikwenda shuleni natetemeka, nikamwambia mwalimu kwamba limepotea.

Vibali vya kuingia mbugani hukatwa miezi mingi kabla, na jina la kila mgeni lazima liwe vile vile kama lilivyo kwenye pasi yake. Papa hakuwa na pasi. Alikuwa na karatasi ya ukimbizi yenye picha yake, na sisi wawili tulikuwa tumeandikwa chini yake. Ili asafiri na kurudi ilibidi aombe kitabu cha safari, kile wanachopewa wakimbizi. Mama Kamau aliandika barua ya kumuunga mkono na akatuletea fomu.

Mama hakucheka siku hiyo. Alikuwa anakunja pindo, na hakuinua macho.

"Makaratasi yetu imelala, Papa Zawadi. Iache ilale."

"Ni kitabu tu cha safari. Watu wanapewa."

"Watu wengine. Wewe ukiamsha ile faili, wataisoma yote. Na ikiharibika, tunarudi wapi? Wale watu bado wako kule. Bado wana majina."

"Ni siku kumi, Mama Zawadi. Siku kumi nikae tena porini." Alisema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeomba kwenda kucheza. Mama akavuta uzi, akaukata kwa meno.

Hili la faili nililielewa miaka mingi baadaye, lakini ninyi mlijue sasa. Kwetu watu wenye silaha walikuwa wameingia mbugani kwa ajili ya makaa na nyama. Waliwaua wenzake Papa, na walikuwa na orodha ya walinzi waliobaki. Papa alikimbia na Mama, mimi tumboni. Walipofika hapa, kwenye foleni ya wakimbizi, mtu mmoja wa kwetu alimshauri kwa wema kabisa: "Usiseme ulibeba bunduki ya serikali. Mwenye bunduki wanamuuliza alimpiga nani. Sema ulikuwa fundi wa nguo, kijiji kikachomwa." Ushauri huo ulizunguka foleni nzima, na wengi waliufuata. Papa akasema hivyo, wakaandika hivyo, akapewa karatasi. Mwanasheria aliyemsaidia mwishoni alisikitika sana. Alisema ukweli wa Papa ulikuwa na nguvu kuliko uongo wake. Angesema alivyokuwa tangu siku ya kwanza, hakuna ambaye angemgusa.

Jumapili hiyo tuliijaza ile fomu. Desturi yangu ilikuwa kuandika kwanza kwa penseli, kisha kupita juu kwa kalamu. Tulipofika penye kazi ya zamani, Papa akasema, "Hapo andika fundi wa nguo."

Nikacheka. "Fundi wa nguo ni Mama."

"Andika vile nakuambia, mtoto yangu."

Nikaandika. Akasimama, akaenda uani kuoga, Mama akiwa kwa jirani kumpima gauni. Nikabaki na kalamu. Nikapita juu ya jina lake, juu ya tarehe yake, juu ya jina la kijiji, nikafika pale, mkono ukagoma. Nilijiuliza, ni nani atakayempa fundi wa nguo kitabu cha kwenda kuona chui milia? Watasema, kaa na cherehani yako. Nikaona jambo lote wazi kabisa. Papa alikuwa na haya. Alikuwa kama mimi, ninapojua jibu darasani na kuinamisha kichwa nisiulizwe. Mtu wa namna hiyo anahitaji mwingine wa kumsemea. Nikachukua kifutio, nikafuta, nikapuliza vumbi, nikaandika kwa kalamu kwa Kiingereza: mlinzi wa wanyama. Niliziandika herufi zile vizuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Papa hakujua kusoma Kiingereza. Alirudi na taulo shingoni, akatia sahihi.

Watu wa ofisi ya wakimbizi walituita baada ya wiki chache. Papa aliniombea ruhusa shuleni kwa sababu Kiingereza chake hakikutosha. Tulikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi. Alikuwa amevaa buti zake za kazi, zikingʼaa hadi nikaona dirisha ndani yake. Tulipoitwa, afisa alitazama pembeni, akapumua. "Eish, mkalimani wa Kiswahili leo hayupo. Wewe msichana, unaweza?" Nikasema naweza. Akanipa peremende. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu nimetafuta sana mtu mbaya katika habari hii, na sikumpata mle ndani.

Alikuwa na mafaili mawili. Akafungua moja, akafungua la pili, akaweka vidole viwili, kimoja huku na kimoja huku.

"Baba," alimwita Papa kwa heshima. "Kwenye fomu hii umekuwa mlinzi wa wanyama. Kwenye faili la zamani ulikuwa fundi wa nguo. Ni lipi?"

"Anasema nini?" Papa akaniuliza.

Nikamtafsiria. Papa akatazama ile fomu. Herufi hakuzijua, lakini aliitazama kama alivyotazama udongo.

"Zawadi. Uliandika nini?"

"Kazi yako ya kweli, Papa."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha sauti, ningeelewa. Alisema taratibu, akimtabasamia afisa, "Mwambie umekosea. Mwambie ni mtoto ndiye aliandika, amekosea."

"Lakini sikukosea."

"Mwambie tu."

Nataka kuwaeleza vizuri kilichokuwa moyoni mwangu, kwa sababu nimekirudia mara nyingi. Shuleni kila kitu changu kilikuwa makosa. Daftari langu lilikuwa jekundu. Neno moja katika maisha yangu yote nilikuwa nimeliandika sawasawa, na sasa nilikuwa naambiwa niseme mbele ya mtu mkubwa kwamba hilo nalo ni kosa. Na nilikuwa bado naamini kwamba ni haya tu inayomsumbua. Nikamgeukia afisa. Kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yangu ikijaza chumba.

"Sikukosea," nikamwambia kwa Kiingereza. "Baba yangu ana haya. Alilinda wanyama miaka kumi na mmoja. Alikuwa na bunduki na kofia. Anaweza kukuambia nani amepita hata kama mvua imenyesha. Mama yangu ndiye fundi wa nguo."

Afisa aliandika. Aliandika muda mrefu. Nilifurahi kuona mtu mzima akiandika maneno yangu, na anayaandika haraka asije akapoteza hata moja. Papa alikuwa ameshika ukingo wa meza. Maneno mengine ya Kiingereza aliyajua. Bunduki alilijua.

Nje aliniingiza kwenye duka la kona, akaninunulia chipsi zenye siki nyingi, kama nilivyopenda. Yeye hakula. Tuliketi juu ya ukuta mfupi.

"Wametoa kitabu?" nikauliza.

"Bado."

Kisha akasema, "Mama akiuliza, yale maneno nilisema mimi. Umesikia? Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni kazi yangu. Mwenye kazi njo anaisema."

Niliumia. Niliona Papa anataka kunyangʼanya ujasiri wangu, aonekane yeye ndiye aliyesema. Nikanuna njia nzima. Hilo ndilo lililonijaa kichwani, ndani ya teksi, siku ile: kwamba baba yangu ni mtu wa kujisifu kwa jasho la mwenzake.

Sitawachosha na yaliyofuata. Barua zikaja, na mimi ndiye niliyezisoma, hadi siku moja Mama alichukua bahasha mkononi mwangu na kumpelekea mtoto wa jirani aisome. Tangu hapo hakunipa karatasi tena. Hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Walisema karatasi ya Papa ilipatikana kwa udanganyifu. Ikafutwa. Akaitwa, akaenda na buti zake zimepakwa dawa, hakurudi nyumbani. Alifungiwa miezi kadhaa, rufaa ikashindwa, wakampandisha ndege. Sisi tuliokuwa chini ya jina lake tukabaki bila karatasi, tukianza upya foleni ambayo hadi leo hatujafika mwisho wake. Nilipomaliza la saba, shule ya sekondari ilidai karatasi. Nikakaa kwenye cherehani ya pili.

Zile familia tano zilikwenda India. Mama Kamau alikuja kutuona aliporudi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na mkoba magotini. Alisema walizunguka asubuhi tano na jioni nne, hawakuona hata mkia. Kisha akaanza kulia.

"Mama Zawadi, haki, kama singeandika ile barua…"

"Si barua yako," Mama alijibu. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano. "Wewe ulisema ni mtu wa safari. Yeye mwenyewe ndiye alikwenda kufungua mdomo mbele ya meza yao. Bunduki, kofia, yote alitaja. Mwanaume aliyenyamaza miaka yote, siku ya kunyamaza ndiyo akapata maneno."

Mimi nilikuwa hapo hapo, nashona kifungo. Nilikishona, nikakifumua, nikakishona tena.

Papa alipiga simu kutoka kwetu. Mwanzoni kila wiki, akibadilisha mji. Mama aliongea naye maneno mafupi: umekula, uko wapi, haya. Nikipewa simu mimi, Papa aliniuliza habari za shule hata baada ya kuacha shule, na kila mara kabla ya kukata alisema, "Unakumbuka nilikuambia nini juu ya ukuta?" Nikajibu, "Nakumbuka, Papa." Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuelewa. Nilikuwa na umri wa kutosha kusema, hapana, Papa, mpe Mama simu nimwambie. Sikusema. Ile haya iliyoniacha kwa dakika tano mbele ya afisa ilirudi na ndugu zake, na haikutoka tena. Kisha simu zikawa chache, kisha zikakoma.

Mwaka huu, kabla ya baridi kuingia, mtu wa kwetu alipiga. Wale wenye silaha walikuwa wamempata. Alikuwa akifanya kazi ya kubeba magogo, karibu na mbuga ile ile, maana hakuweza kukaa mbali nayo. Orodha yao haikuwa imezeeka.

Tulitoa nje kitanda, meza na cherehani zote mbili, tukatandika mikeka, wamama wa kanisani wakaja kuketi chini na Mama kama ilivyo desturi. Kwetu matanga hayaondolewi hadi mjane aseme neno juu ya marehemu mbele ya watu: kwamba amemwachilia, aende kwa amani. Mke wa mchungaji alimuomba mara tatu. Mama hakulia, na hakusema.

"Niseme nini?" alimjibu mara ya mwisho. "Alijisemea mwenyewe yote. Alichagua wanyama, akatuacha sisi. Mimi sina neno la kuongeza."

Wamama wamerudi makwao. Mikeka bado iko chini. Vitu vyetu viko uani chini ya nailoni, na mwenye nyumba kila akipita anasema, "Eish, Mama, mpaka lini?" Mama anashona kwa mkono, ameketi sakafuni, ameegemea ukuta. Ananizungumzia juu ya uzi na mkasi. Nimejaribu. Ninaanza, "Mama, siku ile ya karatasi…" Naye anasema, "Nipe mkasi huo." Nampa mkasi.

Papa alinitaka ninyamaze ili nisibebe mimi. Nimemtii miaka yote hii, na utii wangu umemfanya afe akiwa mume asiyesamehewa kwa kosa ambalo halikuwa lake. Najua Mama anaweza kunitazama kama alivyoitazama simu kila Papa alipopiga. Najua anaweza kunikosa mimi pia, na hana mwingine. Lakini siwezi kumwacha Papa pale aliposimama.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma. Kama kuna mmoja wenu aliyewahi kumwambia mama yake jambo la namna hii, aniandikie, hata mistari miwili, kupitia mtu yule yule aliyemfikishia karatasi hizi. Msinijibu kwamba nilikuwa mtoto tu. Hilo nimekwisha kujiambia, na halikunisaidia. Niambieni tu mlianza na neno gani, na mama alikuwa ameketi wapi.